Gari Linalojiwasha Lenyewe na Jiwe la Kasulu

Nilikuwa kimya kwa wiki mbili na ushee. Baadhi yenu mmeuliza kama nimeacha kuandika, wengine mkadhani nimeoa. Hapana jamani. Nilikuwa Kigoma, nyanda za juu, nikizunguka kati ya Kibondo na Kasulu kufuatilia habari ya mazao ambayo mhariri wangu ataitoa siku akipenda. Hii ya leo haikuwamo kwenye daftari la kazi. Imeniudhi tu, ndiyo maana naiandika hapa, ambapo hakuna mhariri wa kuniambia nipunguze ukali.

Kisa chenyewe ni hiki. Jamaa mmoja niliyesoma naye ana pikapu la dizeli, gia za mkono, gari lililokwisha kula chumvi nyingi. Alinichukua Kibondo alfajiri, tukaenda Kasulu kwa njia ya Makere. Njia nzima hadithi ilikuwa moja: alamu mpya aliyofungiwa Dar es Salaam. Rimoti yake ina kioo kidogo chenye picha ya gari. Mtu akigusa mlango, rimoti inakutetemekea mfukoni. Na kubwa kuliko yote, mwandishi, ukibonyeza hapa gari linawaka lenyewe! Wewe bado unakunywa chai, injini inapata moto. Akaniuliza kama huko Dar tunayo hayo au tunaringa bure.

Tulipofika Kasulu tukaegesha kwenye mteremko, pua ya gari ikitazama chini. Jamaa akafanya kile wanachofanya madereva wengi wa milimani. Akazima injini, akaacha gia namba moja imeingia, akavuta hendibreki, kisha akaokota jiwe kwenye mfereji akaliweka mbele ya tairi. Hendibreki ya gari la umri ule huiamini peke yake. Gia inashika, jiwe linasaidia. Tukavuka barabara kwenda kwa mama mmoja anayeuza chai na maandazi.

Tulipokaribia kumaliza, jamaa akatoa rimoti. "Ngoja lipate moto," akasema, akabonyeza.

Gari liliruka kama mbuzi aliyechomwa mwiba. Lilipanda jiwe nusu, likatikisika, likajifia. Mbele yake, hatua kama nne hivi, mtoto wa miaka minne au mitano alikuwa amechuchumaa akichezea vizibo vya soda. Hakushtuka hata kidogo. Aliinua kichwa akalitazama, akarudi kwenye vizibo vyake. Sisi ndio tuliokuwa tumesimama, chai imemwagika, midomo wazi.

Mama wa maandazi alikuwa wa kwanza kusema. "Wanangu, gari lenu lina pepo?"

Jamaa akacheka kicheko kile cha mtu ambaye magoti yanamtetemeka. "Hapana mama, ni sensa tu imezidi."

"Shikamoo yenu niliipokea vizuri," mama akasema, "lakini hilo jiwe liacheni hapo hapo mpaka mwondoke."

Haikuwa sensa. Haikuwa pepo. Gari lilifanya kile lilichoamriwa. Lilikuwa kwenye gia, stata ikazungushwa, na stata ikizunguka gari likiwa kwenye gia, gari linakwenda. Kila aliyejifunza udereva anajua hilo tangu siku ya kwanza, ndiyo sababu mwalimu anakufundisha kukanyaga klachi kabla ya kuwasha. Kilichokuwa kipya ni kwamba safari hii hakukuwa na mguu wa mtu.

Tuliporudi kwenye gari nikafungua kiboksi cha dashibodi nikakuta karatasi ya maelezo. Kichina upande mmoja, upande wa pili Kiingereza cha kubahatisha. Haijawahi kukunjuliwa. Lakini hata asiyejua lugha hizo angeona: palikuwa na mchoro wa gia ya mkono, na kando yake alama ya hatari kubwa kama kidole gumba. Nikamuuliza jamaa, fundi alikuonyesha hii? Akasema fundi alimwonyesha kitufe cha kufunga, cha kufungua, na cha kuwashia. Akalipa, akaondoka.

Haya sasa, msomaji wangu, tuongee.

Kwanza tujiulize kifaa hiki kilizaliwa wapi. Kuwasha gari kwa rimoti kulipata umaarufu kwa watu wa baridi kali: Kanada, Urusi, kaskazini ya Marekani, Hokkaido kule Japani. Huko joto likishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, oili inakuwa nzito kama asali, betri inapoteza nguvu, vioo vinafunikwa na barafu. Ndugu zetu walioko Edmonton au Minneapolis watawaambia. Mtu anawasha gari akiwa ndani ya nyumba, anasubiri, anatoka likiwa tayari. Kwao si urembo. Na magari mengi ya huko ni otomatiki, yameegeshwa kwenye "P", sanduku la gia limefungwa kwa chuma ndani. Stata hata ikizunguka mara mia, gari halisogei.

Kasulu na Kibondo kuna baridi, sikatai. Asubuhi za Juni na Julai nilizoea kuziona watu wamejikunyata ndani ya masweta na makoti ya mitumba. Lakini maji hayagandi ndooni. Oili haiwi asali. Injini inahitaji nusu dakika ya kupumua, halafu unaondoka polepole. Dizeli ya zamani inataka plagi zake zipate moto kwanza, nayo ni suala la sekunde, ukiwa umekaa kwenye kiti. Ile robo saa ya kunguruma bila mtu haisaidii kitu. Injini ndogo iliyosimama inakula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Robo saa kila siku kwa mwezi ni karibu lita 4 hadi 7 za mafuta zimeteketea ili rafiki zako wapate kushangaa.

Lakini ugomvi wangu si mafuta. Mtu na pesa yake. Ugomvi wangu ni yule mtoto na vizibo vyake.

Sasa nieleze kifaa chenyewe kinavyofikiri, maana hapa ndipo penye kiini cha hoja. Nilimpigia fundi umeme mmoja wa Kigoma mjini ambaye ana subira na waandishi wa habari, akanifafanulia taratibu.

Chini ya dashibodi kuna kisanduku. Kimeunganishwa na nyaya za swichi, za stata, za milango, za boneti, za pedali ya breki na za hendibreki. Ukibonyeza rimoti, kisanduku kinawasha swichi, kinasubiri kidogo, kinazungusha stata, kinasikiliza kama injini imewaka, kisha kinaiachia stata. Ni kazi ya mkono wako tu, inafanywa na waya.

Kisanduku hakina macho. Hakijui gia iko wapi. Kwa hiyo waliokibuni waliweka hila kwa ajili ya magari ya gia za mkono, na hila yenyewe ni ya akili sana. Unasimama, unaweka fri (yaani gia haijaingia popote), unavuta hendibreki, unachomoa ufunguo huku injini ikiendelea kunguruma. Unashuka, unafunga milango, unabonyeza rimoti ya kufunga. Hapo ndipo kisanduku kinaizima injini chenyewe. Kwa nini usumbufu wote huu? Kwa sababu injini iliyokuwa inanguruma bila mtu kukanyaga klachi, na gari limesimama, ni ushahidi kwamba gia haikuwa imeingia. Mlango ukifunguliwa tena baadaye, ushahidi umevunjika, na kisanduku kinakataa kuwasha mpaka urudie zoezi lote.

Vizuri. Sasa mpeleke huyu Kasulu.

Hila ile inakulazimisha uache gari fri, limeshikwa na hendibreki peke yake. Mteremko wa Kasulu unakulazimisha uache gari kwenye gia, kwa sababu kebo ya hendibreki imechoka na kila mtu anajua imechoka. Ukimtii kisanduku, gari linaweza kuteremka usiku lenyewe. Ukiutii mteremko, siku utakayobonyeza kitufe gari litaruka. Hakuna namna ya tatu. Kwa gari chakavu la gia za mkono kwenye milima, hakuna mpangilio salama wa kuwasha kwa rimoti. Narudia kwa wanaosoma haraka: HAKUNA.

Na hapo nimechukulia kwamba fundi amefunga vizuri! Fundi yule wa kwangu aliniambia njia za mkato anazozikuta kila siku. Waya wa hendibreki unaunganishwa moja kwa moja na bodi, kisanduku kinaamini hendibreki imevutwa saa zote. Swichi ya mlango imekufa tangu enzi za mwenye gari wa kwanza, kwa hiyo kisanduku hakijui kwamba mtu ameingia akaweka gia. Na kosa kubwa kuliko yote ni lile la pikapu la jamaa yangu: kisanduku kimepangwa kama gari ni otomatiki. Kwa alamu nyingine ni waya mdogo wa kukata au kuacha. Kwa nyingine ni namba ya kuchagua kwenye programu. Ukichagua otomatiki, kisanduku hakiulizi maswali. Mteja anafurahi, rimoti inafanya kazi mbele ya duka kwenye uwanja tambarare, pesa inapokelewa. Gari linapandishwa Kigoma na kosa lake tumboni.

Najua mtaniambia nini. Wacha niwajibu mapema.

"Wewe unapinga maendeleo." Wanaosema hivi huwa hawajui hata kitufe cha pili cha rimoti yao kinafanya nini! Maendeleo ni kukijua kifaa. Kifaa usichokijua ni hirizi. Tena tofauti ni kwamba hirizi haina stata.

"Alamu ni muhimu, huko kuna majambazi." Hili nalichukulia kwa uzito. Anayeijua barabara ya Kibondo hadi Nyakanazi miaka ya 1990 na ya 2000 anakumbuka magari yakikusanywa yasubiri kusindikizwa na polisi wenye bunduki. Hofu ya watu wa huku haikuletwa na filamu. Kwa hiyo fungeni alamu, fungeni king'ora, fungeni kufuli la usukani. Lakini kuwasha kwa rimoti hakuzuii wizi. Mara nyingi kunausaidia. Gari lenye ufunguo wa chipu haliwaki bila chipu ile kuwa karibu na swichi. Ili rimoti iweze kuliwasha, mafundi wengi wanachukua ufunguo wako wa akiba, au chipu yake, wanaificha ndani ya dashibodi. Yaani umelipa pesa ili ufunguo wako ulale ndani ya gari lako daima. Mwizi anayejua hilo amebakiza kazi ndogo.

Na rimoti yenyewe? Alamu za bei poa nyingine hutuma namba ileile kila unapobonyeza. Mtu mwenye kinasa mawimbi anaikamata na kuirudia. Alamu bora zinabadilisha namba kila mara. Mfumo mmoja maarufu wa namba zinazobadilika, KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980, ukauzwa kwa kampuni ya Marekani ya Microchip mwaka 1995, ukaenea dunia nzima. Ndiyo, akili ya Kiafrika iko ndani ya rimoti nyingi duniani, ringeni kidogo. Lakini hata huo, mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr kule Bochum, Ujerumani, walionyesha jinsi ya kuuvunja. Sisemi wezi wa Kigoma wana maabara. Nasema usilale usingizi wa pono kwa sababu rimoti ina kioo.

"Basi nitaegesha ndani ya banda, kwenye sakafu ya saruji, tambarare." Bora kidogo kwa kuruka, mbaya zaidi kwa moshi. Injini inayonguruma ndani ya banda lililofungwa inatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mwaka 2018 gazeti la New York Times liliripoti vifo zaidi ya 20 nchini Marekani tangu 2006, vya watu waliosahau injini zinanguruma kwenye mabanda yaliyoungana na nyumba. Hayo yalikuwa magari ya kuwashwa kwa kitufe, mapya, ya watu wenye vitabu vya maelezo kwa lugha yao. Sisi wenye rimoti inayobonyezeka yenyewe mfukoni, chumba cha watoto kikiwa upande wa pili wa ukuta, tujihesabu wapi?

"Wewe huna gari, una wivu." Kweli, sina. Mimi ni mtembea kwa miguu, na mbele ya magari yenu ndipo tunapopita.

Sina ugomvi na mwenye gari la otomatiki, ameegesha mahali wazi, nyaya zote za usalama zimeunganishwa, na yeye anakijua kifaa chake. Huyo awashe atakavyo. Ugomvi wangu ni na biashara ya kumuuzia mtu nguvu ya kuamuru chuma cha tani moja na nusu akiwa ng'ambo ya barabara, kisha kumnyima maelezo yake. Mafundi wetu wamegeuza maarifa kuwa siri ya kazi. Ukiuliza kitufe cha siri kiko wapi, unaambiwa "tatizo likitokea niletee". Kutoka Kasulu hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Nikuletee kwa mbeleko?

Kwa hiyo ukienda kufunga alamu, usitoe shilingi ya mwisho kabla fundi hajajibu haya, kwa Kiswahili, mbele ya macho yako.

Kwanza, akuonyeshe kitufe kidogo kilichofichwa, kile kinachotumika kuzima alamu ikigoma na kuingia kwenye programu. Kwa alamu nyingi unafungua swichi, unakibonyeza idadi fulani ya mara, king'ora kinajibu kwa milio ya kuhesabu. Akuandikie hatua hizo kwenye karatasi, kwa mkono wake. Karatasi usiiache ndani ya gari.

Pili, asajili rimoti upya zote ukiwa umesimama hapo. Kwa aina nyingi, usajili mpya unafuta wa zamani, na king'ora kinakuhesabia ni rimoti ngapi zimeingia. Una mbili mkononi? Milio iwe miwili. Ukisikia wa tatu, uliza wa tatu ni ya nani. Ukinunua gari la mkononi, hili ndilo la kufanya siku ya kwanza.

Tatu, aseme kama ufunguo au chipu imefichwa ndani ya gari.

Nne, kama gari ni la gia za mkono, aizime kabisa huduma ya kuwasha kwa rimoti. Si kwa mdomo. Kwenye programu, na waya wa stata autoe. Mfungue macho, mwambie unakotoka kuna milima.

Tano, kama ni otomatiki, jaribuni kwenye uwanja tambarare, mtu amekaa kwenye usukani. Injini ikiwa imewashwa kwa rimoti, akanyage breki bila ufunguo: lazima izime. Mfungue boneti: lazima ikatae kuwaka. Kimoja kikishindwa, gari halitoki hapo.

Je, ni mengi? Ni nusu saa. Kuchagua rangi ya vioo vya giza kunachukua zaidi.

Mwisho wa kisa chetu. Jamaa aliniuliza nifanyeje. Nikampigia yule fundi wa Kigoma tena, akatuongoza kwa simu. Tulipata kitufe cha siri baada ya saa nzima ya kulala chali chini ya dashibodi, kimefungwa kwa gundi nyuma ya boksi la fyuzi. Tukazima kuwasha kwa rimoti, na kesho yake fundi umeme wa pale Kasulu akautoa waya wa stata, akafunga ncha zake vizuri kwa gundi ya umeme. Alamu bado inalia, rimoti bado inatetemeka mfukoni, picha ya gari bado ipo kwenye kioo. Jamaa anaringa kama kawaida.

Kabla ya kuondoka nilirudi kwa mama wa maandazi kumlipa vikombe tulivyomwaga. Alikataa pesa ya chai, akasema chai haikunywewa. Mtoto wa vizibo ni mjukuu wake. Aliniuliza kama lile pepo limetoka. Nikamwambia limetoka, mama, lilikuwa waya.

Akasema ni vizuri, lakini jiwe bado tuweke. Tukaweka.